Bahasha Chini ya Mguu wa Meza

Mama yangu alikunja barua za chuo kikuu kwa miaka kumi na minane bila kusoma hata moja, kwa sababu hakujua kusoma. Naanza na hilo kwa kuwa wapo wanaodhani nalificha. Silifichi. Aliyepaswa kuona aibu si yeye.

Chuo chenyewe kilikuwa cha binafsi. Sisi tulikiita Ukuta Mweupe, maana ndicho tulichokiona: ukuta, geti, na vilele vya miti iliyokatwa ikalingana kama nywele za askari. Bustani yao ilimwagiliwa asubuhi na jioni, hata miezi ile ambayo bomba letu lilikuwa linakohoa tu. Kila mwaka walioomba nafasi walikuwa maelfu, walioitwa mia tatu, na waliopewa ufadhili wa kila kitu, kuanzia ada mpaka godoro, walikuwa kumi na wawili. Hesabu hizo sikuzisikia vijiweni. Barua zao zilichapwa kwetu, kwenye kiwanda kile cha uchapaji nilichofanyia kazi miaka ishirini na sita, na aliyekata karatasi zake ni mimi.

Nikifumba macho sasa hivi nakisikia kile kiwanda. Mashine kubwa ilikuwa na mdundo wake, tatu za haraka na moja ya uvivu, na mtu akikaa hapo mwaka mmoja hata kutembea anatembea kwa mdundo huo. Wino ulinukia mafuta ya taa na kitu kingine kama majani yaliyolowa. Mchana tulikula tumekaa juu ya marobota ya karatasi, na kila mmoja alikuwa na robota lake; ukikaa la mwenzako unaulizwa kama umeoa humo. Hapo ndipo niliposoma mimi. Chuo sikwenda. Nilisoma karatasi zilizoharibika, zile za vitabu zilizotoka na wino umefura, nikizibeba nyumbani mafungu kwa mafungu. Zilikuwa hazifuatani. Ndiyo maana mpaka leo vipo vitabu vikubwa ninavyovijua vizuri kuanzia ukurasa wa kumi na saba hadi wa thelathini na mbili, na mtu akinibishia kuhusu kurasa hizo aje amejipanga.

Mdogo wangu wa kike alisoma humo humo, sakafuni, kurasa zile zile. Tofauti ni kwamba yeye akikuta sentensi imekatika mwisho wa ukurasa aliimalizia mwenyewe kwa penseli. Miaka baadaye nilikipata kitabu kimoja kizima nikalinganisha. Sentensi yake ilikuwa nzuri kuliko ya mwenye kitabu.

Sasa, barua. Ukuta Mweupe walikuwa na utaratibu. Waliokubaliwa waliandikiwa kwenye karatasi nzito ya rangi ya maziwa, yenye nembo ya dhahabu iliyoinuka kidogo, na chini yake kipande cha kukata, mzazi atie sahihi kirudishwe kwa mkono. Waliokataliwa walipewa karatasi nyembamba, ile ile tuliyochapia matangazo ya mbwa waliopotea. Majina yalipigwa taipu baadaye, huko huko chuoni, kwa hiyo sisi hatukujua nani kapata na nani kakosa. Tulijua uzito tu. Na aliyeujua uzito kuliko wote ni Mama, aliyekaa meza ya kukunjia na kijiti chake cha mfupa, mkunjo wa kwanza, mkunjo wa pili, pembeni, mwingine.

Mtaa mzima ulilijua hilo. Msimu wa majibu ukifika, watu walikuja kwetu na bahasha ambazo hazijafunguliwa. Mama ananawa mikono, anaifuta kwenye kanga, anaibana bahasha kati ya dole gumba na kidole cha shahada, macho kafumba kama anayeonja chumvi ya mboga. Kisha anasema neno moja kati ya mawili. Ikiwa nzito anasema, "Fungua." Ikiwa nyepesi anasema, "Kaa kwanza." Hakuwahi kukosea. Kinyozi wa pale kona ndiye aliyempachika jina la Mama Vidole, na likamganda.

Mwaka ninaouzungumzia, mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa ameomba Ukuta Mweupe, nafasi pamoja na ufadhili. Bila ufadhili nafasi ingekuwa kama kualikwa kutazama watu wakila. Binti wa kinyozi naye aliomba. Huyo tulimwita Profesa, kwa miwani yake na kwa ubishi wake. Aliwahi kumbishia daktari kuhusu ugonjwa wa daktari mwenyewe. Wawili hao walisubiri miezi mitano. Mdogo wangu alianza kufagia mlangoni asubuhi, mchana na jioni, ili tarishi asimpite.

"Binti," tarishi alimwambia siku moja, "ukiendelea kufagia hapa utafika kwenye msingi."

"Wewe lete barua, mimi nitaacha kufagia."

"Mimi naleta zilizoandikwa. Kuandika si kazi yangu."

Na katikati ya kusubiri huko mimi nikaitisha mgomo.

Nitasema kwa nini, maana miaka hii yote nimesikia watu wakilisimulia vingine. Ile mashine ya kukatia karatasi ilikuwa na kisu kirefu kama mlango, na haikuwa na kizuizi. Tulikiomba kizuizi mara saba. Mara ya saba tulikuwa tumeshampeleka mwenzetu hospitali, na alirudi na vidole vitatu mkono wa kushoto. Tajiri, mwenye kiwanda, akasema ni uzembe. Nikasimama juu ya robota langu nikawaambia wenzangu kwamba kisu hakitashuka tena mpaka kizuizi kifungwe. Tukatoka wote. Mama alivua aproni, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akatoka nyuma yangu. Tulikaa nje wiki tatu. Tajiri akawaita wapwa zake kutoka dukani wakaendesha walichoweza. Mwishowe kizuizi kilifungwa, na kilikuwepo mpaka kiwanda kilipovunjwa, na hakuna aliyepoteza kidole tena. Hilo silijutii. Niliweke hapa mapema, kisha niendelee na lile ninalolala nalo.

Jumatatu tulirudi kazini. Jumatano bahasha ikaja.

Ilikuwa mchana, tumeacha marobota tumekuja nyumbani kula. Tarishi hakutania siku hiyo. Mdogo wangu aliishika kwa pembe kama kitu cha moto, akaiweka mbele ya Mama. Mama akanawa mikono. Akaibana, akafumba macho, akaisogeza kidogo, akaibana tena.

"Waliokunja hii hawajui kazi," alisema. "Mkunjo umepinda."

"Mama," mdogo wangu alisema.

Mama akafumbua macho. "Kaa kwanza, mwanangu."

Mdogo wangu akakaa. Meza yetu ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na kila mtu alipoweka kiwiko ilicheza. Hapo ilicheza ikamwaga maji ya kunywa, na hakuna aliyenyanyuka kuyafuta.

"Fungua uone," nilimwambia.

"Nione nini? Mama ameshasema."

"Usome mwenyewe."

"Kaka, nikiifungua nitayasoma maneno yao, na mimi nikisoma kitu sisahau. Nisipoifungua ni karatasi tu." Akaikunja bahasha mara tatu, akainama, akaisukuma chini ya ule mguu mfupi. Akaitikisa meza. Ilikuwa imetulia. "Angalau ifanye kazi," alisema, "kama sisi wengine."

Tulicheka. Nakumbuka vizuri kwamba tulicheka, hata Mama, huku anafuta macho na pembe ya kanga.

Jioni Profesa naye akaja na ya kwake. Mama aliibana kwa muda mrefu kuliko kawaida, akatamani iwe nzito, nilimwona. "Kaa kwanza," alisema. Profesa hakukaa. Alisema basi wamekataliwa pamoja, afadhali kukataliwa na mtu mwenye akili pembeni, akaondoka na bahasha yake anapiga mluzi. Mluzi wenyewe ulikuwa hauna wimbo.

Jumatatu iliyofuata Mama alimchukua mdogo wangu kiwandani, akamketisha kwenye meza ya kukunjia. Alimpa kijiti cha akiba. Nilikuwa napita na toroli la karatasi nikamsikia anamfundisha: "Usibonyeze katikati. Anza pembeni, njoo nayo. Karatasi ikuamini." Na mdogo wangu, aliyewahi kumalizia sentensi za wenye vitabu, alikuwa anakunja kadi za harusi ya watu. Alijifunza upesi. Hilo ndilo lililoniuma. Kufikia Alhamisi mikunjo yake ilikuwa imenyooka kama ya Mama, na Mama alikuwa anamtazama kwa furaha na kwa kitu kingine.

Ijumaa, saa tisa alasiri, niliingia stoo kutafuta karatasi ya kadi. Nyuma ya mapipa ya wino nikaona marobota mawili yamefungwa kwa karatasi ya kaki, hayajaguswa. Nikasoma lebo. Nikaisoma tena. Nikachana pembe moja na kisu cha mfukoni, na ndani nikaona rangi ya maziwa.

Ilikuwa karatasi nzito ya Ukuta Mweupe. Ya mwaka ule. Yote.

Sikuhitaji mtu anieleze. Karatasi ile ilikuja ikiwa kubwa kama shuka, na lazima ikatwe kwa ile mashine yenye kisu kama mlango, na mkataji nilikuwa nje naimba nyimbo za mgomo. Wapwa wa Tajiri hawakuthubutu kuigusa mashine ile. Karatasi nyembamba ilikuwepo, imeshakatwa tayari. Wakachapa zote kwenye hiyo, za ndiyo na za hapana, wakazikunja kwa mikunjo iliyopinda, wakapeleka.

Nilichomoa shuka moja nikaenda nayo mpaka kwenye meza ya kukunjia, nikaiweka mbele ya Mama. Mama alishika ukingo wake kwa vidole viwili.

"Hii ni ya chuo," alisema. "Mbona haijakatwa?"

"Haikukatwa kabisa, Mama. Mwaka huu wote wamepata nyembamba. Waliopata na waliokosa."

Mdogo wangu aliweka kijiti chini taratibu. Mama hakuniangalia. Alikuwa anaitazama mikono yake, wa kulia, kisha wa kushoto, kama mtu aliyekuta wageni nyumbani kwake.

"Leo ni tarehe ngapi?" aliuliza. Tulipomwambia, akasema, "Siku ya mwisho ya kurudisha vile vipande huwa Ijumaa ya pili. Saa kumi. Miaka yote." Hakuwahi kuisoma barua, lakini alikuwa amewasikia watu wakizisoma mlangoni kwetu miaka kumi na minane. Akasimama. "Twendeni."

Tajiri aliuliza tunakwenda wapi saa za kazi. Mama, ambaye sijawahi kumsikia akimjibu mtu vibaya, alimwambia, "Tunakwenda kutazama meza yetu," akapita.

Nyumbani niliinua meza, mdogo wangu akavuta bahasha. Ilikuwa na shimo la mviringo katikati, alama ya mguu. Aliichana kwa kidole kidogo. Akasoma kimya, midomo imebana. Nilikuwa nimeishikilia meza hewani bado.

"Soma kwa sauti," Mama alisema.

"Tunafurahi kukujulisha," mdogo wangu alisoma. Akanipa mimi. Nikaweka meza chini nikasoma. Nafasi, na ufadhili kamili. Mmoja wa kumi na wawili. Chini, kipande cha kukata: sahihi ya mzazi, kirudishwe ofisi ya udahili kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa, asiyerudisha atahesabiwa amekataa.

Mama alinyoosha mkono. Nilikuwa sijavua aproni, na mfuko wake wa mbele ulikuwa haukauki wino. Akapaka dole gumba lake hapo, akaliminya juu ya mstari, akaliinua. Alama ilitoka safi kuliko nembo yoyote niliyowahi kuchapa.

Kisha akauliza, "Na mtoto wa kinyozi?"

Nikasema tuwahi kwanza chuoni, saa zilikuwa zinakwenda.

"Nyie wahini chuoni. Aliyemwambia akae ni mimi."

Akatoka na kanga begani, dole gumba jeusi, anakwenda upande wa kona. Sisi tukakimbia upande mwingine.

Dirisha la ofisi ya udahili lilikuwa na kioo chenye kitundu cha chini, ili uiname unapozungumza nao. Karani alikuwa mwanamke mwenye kalamu nyuma ya sikio. Saa ya ukutani ilisema kumi kasoro dakika kumi na moja. Aliigeuza barua, akakitazama kile kishimo.

"Hii imefanywa nini?"

"Ilikuwa inashikilia meza," mdogo wangu alisema.

"Na hili nini? Tunataka sahihi."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa na hotuba nzima, kuanzia kisu hadi bustani, na mdogo wangu anazijua hotuba zangu. Alinikanyaga mguu, kwa kisigino, barabara.

"Hilo ni dole la mama yangu," alimwambia karani. "Barua zote mnazozituma kutoka hapa alikuwa anazikunja yeye. Kama mnayo ya mwaka jana kabatini, itazame mkunjo wake, halafu utazame huu wa mwaka huu."

Karani alimtazama. Kisha, sijui kwa nini, alinyanyuka akaenda kabatini. Akarudi na barua ya zamani, akaiweka sambamba na yetu. Hata mtoto angeona. Akachukua muhuri akagonga: IMEPOKELEWA.

"Mama yako ana mkono," alisema, akafunga kitundu.

Tulirudi tunacheka kama walevi, mdogo wangu ananionyesha jinsi nilivyoruka aliponikanyaga. Tulipofika kona tukasimama.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja wa kinyozi. Mapajani alikuwa ametandaza vipande vidogo vya karatasi, vya mraba, vitano au sita, vingine vimeganda povu. Vinyozi wote hukata karatasi namna hiyo, za kufutia wembe. Profesa alikuwa amempa baba yake bahasha siku ile ile ya kwanza, akamwambia ikate tu, Baba, nyembamba inafuta vizuri. Vilivyobaki ndivyo hivyo. Vingine vilishachomwa na takataka. Profesa alikuwa amechutama mbele ya Mama, miwani mkononi, wanajaribu kuviunganisha. Kwenye kimoja kulikuwa na neno *kwamba*. Kwenye kingine, tarehe.

"Twende tukawaulize, wana orodha," nilisema. Lakini saa ilikuwa kumi na moja kasorobo, ofisi imeshafungwa.

Jumatatu nilikwenda na kinyozi, yeye kavaa koti lake la misibani. Dirishani kulikuwa na karani mwingine. Alisema nafasi zote zimeshajazwa. Kinyozi akauliza kwa upole kama binti yake alikuwa amechaguliwa, ajue tu. Karani akasema orodha haitolewi. Kinyozi akauliza tena. Akaambiwa tena. Hapo nilizungumza, na walinzi wakanitoa, na geti lile nina alama yake kwenye nyusi. Mpaka leo hatujui. Wapo wanaoniambia huenda alikataliwa kweli, niache kujitesa. Mimi nawauliza: basi kuna ugumu gani kusema?

Kinyozi alininyoa miaka mingine kumi na mmoja, na hakuwahi kuniuliza kuhusu mgomo. Kila alipofuta wembe alifuta kwenye kitambaa.

Mdogo wangu alikwenda Ukuta Mweupe. Leo anajenga madaraja katika nchi yenye baridi, na ananiandikia sentensi ndefu ambazo hazikatiki mwisho wa ukurasa. Kiti chake kwenye meza ya kukunjia kilikaa wazi wiki mbili. Kisha Profesa akaja akakikalia. Hakuna aliyemwita. Alisema tu kwamba kama ni kukaa, basi atakaa hapa.

Msimu uliofuata watu walikuja na bahasha zao kama kawaida. Mama aliwakaribisha, akawapa maji, na bahasha hakuigusa hata moja. "Fungueni wenyewe," alisema. Wengine walinung'unika, wakaona ana maringo. Alibaki na mikono chini ya kanga.

Na kule kiwandani, katikati ya mikunjo, Profesa alikuwa anamfundisha kusoma. Alianza na herufi za nembo, kisha tarehe, kisha neno *kwamba*. Ilichukua zaidi ya mwaka, maana walisoma huku mikono inafanya kazi, na mdundo wa mashine ukawapa mwendo, silabi tatu za haraka na moja ya uvivu. Mchana mmoja nilikuwa nakata, kizuizi kimefungwa, nikaona meza ya kukunjia imesimama. Mama alikuwa ameshika barua nyembamba mbele ya uso, mbali kidogo, kama anavyoshika sindano ya kutunga uzi. Nikazima mashine ili nisikie.

"Tu-na-si-ki-ti-ka," alisoma. Akapumzika. Akairudia, safari hii kwa mkupuo mmoja. "Tunasikitika."

Alilitazama rundo la pembeni, mia kadhaa, zote amezikunja asubuhi ile.

"Kumbe wanasikitika," alimwambia Profesa. "Miaka yote hii nawakunjia masikitiko yao, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunipa pole."

Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Mama akaiweka barua mezani, akaanzia pembeni, akaja nayo, akaikunja ikanyooka.